Wacheni Kuvua Nyanya Nguo

Leo hatuongei siasa wala mahusiano. Leo naongea majani. Ndio, majani ya nyanya. Mliokuja hapa kutafuta drama mtulie kidogo, itafika tu.

Kuna ushauri mmoja unazunguka kila mahali siku hizi. Video ni ya sekunde arobaini. Kuna mtu ameshika makasi, muziki unacheza, na mbele yake kuna mmea wa nyanya umejaa majani. Anakata. Anakata tena. Akimaliza, mmea umebaki fimbo na matunda, halafu anakuangalia machoni na kukwambia: "Majani yanakula nguvu ya matunda. Toa yote, nguvu iende kwa tunda." Watu wanashukuru, wanatumiana, na kesho yake kila mtu ako na makasi.

Maoni yangu ni haya, na sitazunguka: huo ushauri ni nusu ukweli, na ile nusu nyingine inachoma pesa za watu. Kwa familia yetu tayari imechoma. Nitafika hapo.

Kwa wageni, mimi si afisa wa kilimo. Nalima kwa ndoo za rangi za lita 20, juu kabisa ya ploti tunayokaa, pale watu huanika nguo. Ziko kumi na moja. Niko na nyanya, pilipili hoho na matango. Si shamba la kuomoka nalo, lakini ukikaa na mimea kumi na moja kila asubuhi kabla ya kutoka, unaanza kuona nani huko ndani anapika na nani anakula.

Tuanze na kitu tulichokariri kidato cha kwanza tukakisahau mtihani ulipoisha: usanisinuru. Jani linachukua mwanga wa jua, maji yaliyopanda kutoka kwa mizizi, na kaboni dioksaidi kutoka hewani, linatengeneza sukari. Hiyo sukari ndiyo inajenga shina, ndiyo inalisha mizizi, na ndiyo unaionja ukiuma nyanya iliyoiva vizuri. Mizizi haipiki. Maua hayapiki. Tunda likiwa bado kijani hupika kidogo, lakini haliwezi kujitegemea. Chakula chake kingi kinatoka kwa majani. Kwa hivyo jani si mpangaji asiyelipa kodi. Jani ndilo jikoni.

Kutoka jikoni, sukari inasafiri ikiwa imeyeyuka kwa maji, ndani ya mishipa midogo inayoitwa floemu. Inatoka mahali imejaa, inaenda mahali inatumika. Hakuna bosi amekaa kwa shina akigawa sahani. Anayetumia kwa kasi ndiye anavuta zaidi. Na kwa nyanya iliyobeba, mvutaji mkubwa ni tunda. Mmea ukishashika kasi ya kuzaa, zaidi ya nusu ya kile unachojenga, ukitoa maji, inaweza kuishia kwa matunda.

Hebu soma hiyo tena. Tunda tayari linashinda. Halihitaji makasi yako ndio lipewe nafasi ya kwanza. Ukikata jani la kijani linalopigwa na jua, hujaokoa nguvu yoyote. Umefunga jiko moja, na walaji ni walewale.

Najua swali linalokuja. "Na lile jani la chini, kuukuu, la njano, si hilo linanyonya?" Hapana. Jani likishakomaa halirudi tena kuwa mlaji wa sukari ya wenzake. Likifunikwa na kivuli linapika kidogo kidogo mpaka linashindwa hata kujilipia, halafu linaanza kugeuka njano. Na hata hapo si uvivu. Kabla lianguke, mmea unatoa naitrojeni iliyokuwa ndani yake na kuipeleka kwa sehemu changa. Hilo jani linagawa urithi likiwa bado hai. Likishakuwa njano kabisa, litoe tu, halina kazi tena. Lakini usiseme lilikuwa mwizi.

Kama lazima tutafute mnyonyaji, basi ni jani changa kabisa, lile limejikunja pale juu. Hilo linaishi kwa mkopo. Linaletewa sukari na majani makubwa mpaka lifike kama thuluthi au nusu ya ukubwa wake, ndipo linaanza kulipa. Lakini nani atamkata mtoto kwa sababu bado hajaanza kazi?

Sasa tuwe wa haki. Wale wakulima wa grinihausi mnaowaona wakikata majani hawajachanganyikiwa. Wako na sababu zao, ila si ile iliyotajwa kwa video. Nyanya za grinihausi, kama Anna F1, ni za kupanda bila kusimama. Zinaendelea kurefuka kwa kamba, na kwa kawaida kati ya kishada kimoja cha matunda na kingine zinaweka majani matatu hivi. Kishada cha chini kikishaiva na kuvunwa, majani yaliyokilisha yako kivulini na hayana tena mtu wa kumlisha pale karibu. Mkulima anayatoa machache kwa wakati ili hewa ipite, unyevu upungue, na ukungu usipate pa kulala. Huko juu mmea umeshaweka majani mapya. Jikoni limehama floo, halijafungwa.

Vile vichipukizi vinavyoota kwapani, kati ya jani na shina, navyo wanavitoa ili mmea ubaki na shina moja au mawili, usigeuke msitu. Hiyo iko sawa kwa nyanya za kamba.

Shida ni kwamba si kila nyanya ni ya kamba. Rio Grande, ambayo imejaa mashamba ya watu wetu, ni ya kichaka. Inakua mpaka kimo chake, kila tawi linamalizikia kwa maua, na matunda mengi yanakuja karibu wakati mmoja. Ikishafika hapo haikuletei majani mapya ya kujaza pengo. Ukiivua nguo, imebaki uchi mpaka mwisho.

Hapa ndipo drama inaingia.

Binamu yangu ako na miaka 22. Anasomea ufundi wa mabomba, na amebakisha mihula miwili amalize. Mwaka jana yeye na rafiki yake walikodi robo eka upande wa Isinya, mahali pana kisima, wakaweka Rio Grande. Pesa ya kuanzia haikuwa yao. Shangazi alikopa kwa chama chake, kwa jina lake, mbele ya wanawake ambao amekaa nao miaka mingi.

Na nyanya zilikubali, manze. Tulienda kuziona, mimea imefungana, majani mazito, na chini yake matunda ya kijani yamejificha kama mayai ya kuku wa kienyeji. Zilikuwa zimebakisha wiki chache tu zianze kuiva. Halafu mtu akawatumia ile video.

Walikata siku mbili. Walikuwa na bidii, siwezi kuwadanganya. Wakatuma hata picha, kila mtu kwa familia akasema "wow, sasa matunda yanaonekana." Yalikuwa yanaonekana kweli, hata jua likayaona. Jua la Kajiado saa saba mchana halina huruma, na tunda lililolelewa kivulini halijui kujikinga. Siku chache baadaye upande unaoangalia jua ukaanza kuweka mabaka meupe, kama ngozi iliyomwagikiwa maji moto. Mabaka yakawa laini, yakaanza kuoza. Yale ambayo hayakuungua yalibaki madogo, juu nani atayalisha? Jikoni lilikuwa limelala chini kati ya mistari, limekauka.

Broka alikuja na pikapu, akazunguka shamba bila kusema neno, akachukua kreti chache kwa bei ya kutupa. Mkopo wa chama bado unalipwa mpaka leo.

Kinachoniuma ni kwamba kwa familia hiyohiyo kuna mtu aliyejua hii kitu kabla intaneti ifike kwetu. Kukhu wetu, huko Kakamega, hajawahi kusikia neno floemu, lakini amekula kutoka kwa mmea mmoja majani na tunda maisha yake yote. Naongea kuhusu malenge. Majani yake ndiyo lisebebe, wengine wanaita seveve, Wajaluo wanaita susa. Sisi Wakenya tumeishi na swali la majani na matunda miaka mingi, ni vile tu hatukuliita sayansi.

Kukhu akichuma lisebebe ana sheria zake. Anachukua majani machanga karibu na ncha, machache kwa kila mtambaa, na anazunguka, harudi kwa mtambaa uleule wiki hiyo. Malenge likishashika, hata likiwa dogo kama ngumi, lile jani kubwa lililo kando yake haliguswi na mtu. Nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Hilo ni la mtoto." Imetosha. Na ndivyo ilivyo: tunda hulishwa zaidi na majani yaliyo karibu nalo, kwa hivyo ukichukua jani la jirani umechukua sahani ya tunda hilohilo.

Tena hajidanganyi kwamba lisebebe ni ya bure. Jani changa analochuma limelishwa na mmea, na lilikuwa tu karibu kuanza kulipa. Kila sufuria ya mboga imelipiwa na malenge fulani ambalo halitafika ukubwa wake. Kwa hivyo anagawa. Kuna shina moja karibu na jiko ambalo kazi yake ni mboga, analichuma hata likakonda. Yale ya kando ya ua ni ya malenge, na huko anachuma kwa adabu. Kunde vilevile: mstari wa majani na mstari wa mbegu. Hapati vyote viwili kamili kutoka kwa mmea mmoja, na hajawahi kulalamika juu ya hiyo hesabu.

Sasa msiende upande mwingine mkaanza kuabudu majani. Jirani yangu wa floo ya nne aliona ndoo zangu akaweka zake. Kila wiki anatia kijiko cha CAN, ile mbolea nyeupe ya mahindi. Nyanya zake zimempita kimo, kijani cheusi, shina kama kidole gumba. Matunda? Mawili. Naitrojeni ikizidi, mmea unaendelea tu kuongeza machipukizi na majani machanga, na tumeshasema hayo ndiyo yanakopa. Ni kama mtu anayejenga jikoni, akimaliza anabomoa ukuta aongeze lingine, na watu bado wana njaa.

Matunda nayo yanaweza kuwa mengi kuliko jikoni. Pilipili hoho ndiyo ilinifundisha. Ile ua la kwanza, linalotokea pale shina linapogawanyika, wakulima wengi hulitoa. Unaona kama ni hasara, lakini mmea ni mdogo, una majani machache, na tunda moja likishika pale litavuta kila kitu na mmea udumae. Ukilitoa, mmea unajenga majani kwanza, halafu unabeba kwa nguvu. Baadaye, hoho ikiwa na matunda matatu manne yanayonenepa kwa pamoja, utaona inaangusha maua mapya yenyewe. Kama maji na joto viko sawa, usikimbie dukani kununua dawa. Imepiga hesabu ikaona haiwezi. Subiri uvune, itaweka mengine.

Tango nalo lina wivu. Ukiacha moja likazeeka kwa mmea mpaka likawa njano, madogo yanayofuata yanasinyaa. Lile kubwa linakomaza mbegu, na linavuta chakula cha wadogo zake. Ndio maana tango, bamia na mishiri huvunwa mapema na mara kwa mara. Kuvuna kwa wakati ndiyo njia ya kweli ya "kuelekeza nguvu," na haihitaji jani hata moja kukatwa.

Halafu kuna sehemu moja ambayo tunda linashindwa, na wengi hawaijui. Kwa sukari, tunda linashinda. Kwa kalsiamu, jani linashinda. Kalsiamu haipiti kwa mishipa ya sukari; inapanda na maji kutoka kwa mizizi, na maji yanaenda zaidi pale yanapovukizwa kwa wingi, yaani kwa majani. Nyanya ina ngozi laini isiyovukiza sana, kwa hivyo inapata makombo. Maji yakikatika siku mbili halafu ukamwaga mengi kwa mara moja, tunda linakosa hata hayo makombo, na kitako chake kinakuwa cheusi, kinabonyea. Watu wanazika maganda ya mayai hapo. Maganda huchukua muda mrefu kuoza, na mara nyingi kalsiamu iko kwa udongo, kilichokosekana ni maji ya mara kwa mara. Huku kwetu maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, kwa hivyo nimeweka mtungi wa akiba wa ndoo tu, na msimamizi wa ploti anajua usiguswe.

Kwa ufupi, mimi hufanya hivi: natoa majani ya njano, yenye madoa ya ugonjwa, na yanayogusa udongo. Kwa nyanya za kamba natoa vichipukizi vikiwa bado vidogo, na majani machache chini ya kishada kilichovunwa. Kwa Rio Grande naweka fimbo ya kuishikilia, makasi inabaki ndani ya nyumba. Jani la kijani linalopata jua silikati ati kwa sababu tunda halionekani vizuri kwa picha.

Sasa nirudi kwa binamu, juu hii ndiyo sababu nimeandika leo na si wiki ijayo.

Jumapili tuna kikao cha familia kwa shangazi. Mpango uliopo mezani ni huu: binamu aache chuo, aingie mjengo au bodaboda, alipe mkopo wa chama haraka. Namwelewa shangazi kabisa. Wanawake wa chama wanamuuliza kila mwezi, na jina lake ndilo liko kwa daftari. Deni ni kitu cha kweli. Hilo ni tunda tayari limeshika, na lazima lilishwe. Sitaenda pale kusema deni lisubiri.

Lakini mihula miwili iliyobaki ya ufundi wa mabomba ndiyo majani ya huyu kijana. Tayari wikendi anaitwa kurekebisha mifereji na vyoo kwa ploti za jirani, na analipwa, ingawa kidogo juu hana cheti. Hilo ni jani lililofika nusu ya ukubwa wake. Limeanza kulipa. Ukilikata leo, utaona pesa ya mjengo miezi michache, kama vile tuliona matunda kwa ile picha tukasema wow. Halafu?

Nimeshaongea naye na tumepiga hesabu yetu. Pesa ya wikendi nusu inaenda kwa chama kila Jumatatu, bila kukosa. Mimi naongeza kidogo kutoka kwa hizi kazi za mtandaoni mpaka amalize chuo. Rafiki yake waliyelima naye ameahidi fungu lake. Itachukua muda mrefu kuliko shangazi angependa, na itabidi yeye aende kwa wenzake wa chama aombe kulipa polepole. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, na ni yeye ataibeba, si mimi. Ndio maana nitamwomba kwa heshima, nimekaa chini, sitampigia kelele za mtu wa mtandao.

Shangazi atasema hiyo ni hadithi ya mboga. Kukhu pia atakuwa kwa simu, na nina imani kidogo kwamba mwanamke aliyekataa kuchuma jani la mtoto miaka yote hiyo atanielewa haraka kuliko wengine.

Nitawaambia vile imeenda. Kwa sasa, wewe uliye na makasi mkononi na mmea wa kijani mbele yako, uliza kwanza ni nyanya ya kamba ama ya kichaka. Kama hujui, weka makasi chini, mwaga maji, na uende kazi.